Kwa dada wa Chake Chake, Pemba: mwanao na kazi ya hoteli Kiwengwa

Dada yangu, asalamu alaykum. Umeandika kwamba mwanao ana miaka 17, kamaliza kidato cha nne, kapata kazi ya kuosha vyombo kwenye hoteli moja Kiwengwa, huku Unguja, na tangu hapo hulali kwa hofu ya ulevi na unga, yaani heroini. Umeuliza umkataze au umwache. Naona wengi wamekujibu umkataze, asubiri matokeo nyumbani. Mie sikubaliani nao. Kijana asiye na kazi anayeshinda maskani miezi mitatu hana kinga yoyote kwa kuwa yupo Chake. Kete za unga zinafika hata pasipo na hoteli.

Mie ni mpishi, mwaka wa 19 huu. Nilianzia kwenye sinki, kazi hiyo hiyo ya kuosha vyombo anayoendea mwanao, na kijana wangu mkubwa naye alianzia hapo akiwa na umri huo huo. Nikajidanganya kwamba kwa kuwa jikoni nakujua, basi na mwanangu nitamjua.

Wazazi wengi wakifikiria pombe ya hotelini wanamuona mgeni anamshawishi mtoto baa. Mgeni hamjui hata kwa sura muosha vyombo. Pombe ndiyo inayomfuata mtoto kwenye sinki. Trei inarudi kutoka baa na glasi zina mabaki: bia nusu, mvinyo kidole kimoja, barafu bado haijayeyuka. Saa nne usiku hiyo, jiko linawaka, mtoto kasimama tangu saa tisa mchana, vidole vimekunjamana kwa sabuni. Jamaa aliyemzidi miaka kumi anayamimina yale mabaki kwenye kikombe cha plastiki, anamwambia, "Onja, kitakutoa uchovu." Hakulipa kitu, hakuonekana na mtu, na hakuna daftari litakaloonesha kimepungua nini. Mwanangu alianza hivyo. Alinihadithia mwenyewe, lakini baada ya mwaka mzima.

Jambo la pili ni gari. Gari ya wafanyakazi ya hoteli aliyokuwepo ilikuwa inaondoka saa tano usiku, na sinki halimalizi kabla ya saa sita, kwa sababu sufuria kubwa huja mwisho. Basi kila siku mtoto anaachwa. Sisi tunakaa Kinyasini, si mbali hivyo, lakini usiku ule hakuna daladala. Alikuwa anangoja alfajiri nyuma ya vyumba vya wafanyakazi pamoja na wenzake waliomzidi umri, na mfukoni ana tipu ya siku ile. Masaa matano mazima ya giza, pesa mbichi, na watu wanaovuta. Hapo mtu hahitaji kuwa na tabia mbovu, anahitaji kuwepo tu. Ukimuuliza mwanao maswali kumi kuhusu kazi hiyo, tisa yawe juu ya anatokaje na analala wapi.

Sasa nikwambie kosa langu. Usiku mmoja alirudi ananuka. Nilimpiga kofi mbele ya mama yake na wadogo zake, nikamwambia nyumba yangu hailali mlevi, nikafunga mlango. Nilijiona nimesimamia dini yangu. Hakurudi siku 11. Alikwenda kulala geto la wale wale jamaa, na msuba wake wa kwanza, sigara ya bangi, aliuvuta humo. Mie ndiye niliyempeleka kwa mikono yangu. Aliyemtoa ni khalati yake, alimfuata na sahani ya wali wa nazi, akakaa naye mlangoni mpaka akala, wala hakumtajia mimi.

Aliporudi tuliwekeana ahadi moja: akiniita usiku wowote nakwenda, na sisemi neno mpaka asubuhi. Mama yake aliona namdekeza. Haikupita miezi miwili, saa saba u nusu usiku simu ikalia. Nikapiga teke Vespa, ikakataa mara tatu kama kawaida yake, nikaenda. Nilimkuta peke yake njiapanda, kavaa bado aproni. Alikaa nyuma akanishika mabega kama alivyokuwa akinishika nikimpeleka skuli. Njiani aliniambia nisimame, akatapika, nikamshikia shati lisichafuke, nikampa maji, tukaendelea. Kusema kweli ulimi ulikuwa unaniwasha njia nzima. Asubuhi baada ya sala nilimuuliza swali moja tu, "Nani walikuwepo?" Sikuuliza "kwa nini", kwa sababu "kwa nini" mtoto ataijibu kwa uongo na wewe utajua ni uongo. Akanitajia watu, akanambia na kilichokuwepo: mmoja alikuwa ananyunyiza unga ndani ya msuba wa bangi, ile wanayoita kokteli, na wanaopokezana hawaambiwi wote. Alipoona ndipo alipopiga simu.

Wewe upo Pemba, Vespa yako haivuki bahari. Kwa hiyo kabla hajapanda boti mtafutie mtu upande huu, ami, binamu, hata mwalimu wake wa madrasa aliyehamia huku, ambaye ataitika simu saa saba usiku bila kumpigia wewe kwanza. Kama mtu huyo hayupo, hapo nitakubaliana na waliokwambia asije.

Na wala usione haya kumpigia afisa utumishi wa hoteli. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamhesabu aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Mwambie unataka mwanao apangwe shifti ya asubuhi, sinki la chai na chakula cha mchana, asishike glasi za baa. Mwanao atanuna kwa kuwa tipu nzuri ni za usiku. Anune.

Pesa, usimnyang'anye. Sisi tulinunua kibubu cha mbao, anatia mwenyewe, mama yake anakaa nacho, na kina jina la kitu anachokitaka: ada ya chuo cha utalii cha SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, kule Maruhubi. Nauli ya boti mwambie aitenge tangu mshahara wa kwanza. Masika, Aprili na Mei, wageni wanapungua, hoteli nyingine zinafunga kabisa na vibarua ndio wa mwanzo kuambiwa wapumzike. Kijana aliyezoea kushika tipu kila siku, sasa hana kitu na hana la kufanya, huo ndio wakati wa kumrudisha Chake, usimwache Kiwengwa akisubiri msimu.

Kuhusu unga wenyewe nitasema machache, maana mtoto wa dada yangu kaingia soba, nyumba ya kuachia unga, mara mbili. Akikosa, ndani ya nusu siku arosto inaanza: miayo, makamasi, jasho la baridi, tumbo linakata, miguu haitulii kitandani. Ukoo wetu ulidhani ni malaria, tena wengine wakasema shetani. Kombe, yale maji ya aya za Kurani, na dua sina ubaya nazo, nimemsomea mwenyewe, lakini kumfungia chumbani hakukumsaidia. Hospitali ya Kidongo Chekundu, mjini, wanatoa methadoni, dawa ya kumtoa mtu kwenye unga, na mtu anakunywa mbele ya muuguzi kila siku. Na hili hatukuambiwa mapema: aliyekaa miezi bila kutumia, mwili umeshasahau. Akirudia kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua, hasa akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi. Ukimkuta anakoroma vibaya, midomo inabadilika rangi na haamki, mlaze ubavu na mpelekeni hospitali, maneno ya aibu yawekeni pembeni.

Wangu sasa yupo jiko la mboga, anakata vitunguu haraka kunishinda. Pombe hasemi kwamba haonji kabisa, na mie sijamlazimisha aseme. Simu yangu bado nalala nayo kichwani.

Akifika bandarini Malindi aulize gari 117, ndiyo ya Kiwengwa. Mfungie viatu vya mpira visivyoteleza, sakafu ya jikoni haikauki, na chupa ya mafuta ya nazi. Wiki ya kwanza mikono inachanika, apake usiku kabla ya kulala.