Bongo 80, laptopu moja

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nasoma masters hapa Dar, nina skani za MRI za watu 80, nataka kupima unene wa gamba la ubongo kwa FreeSurfer, programu ya kuchambua picha za ubongo. Mtu wa kwanza nilimuanzisha saa mbili usiku, naamka asubuhi laptopu bado inanguruma kama jenereta, mara umeme ukakatika na betri ikafa, kazi yote bure. Prof kanipa akaunti ya klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa zifanye kazi pamoja) na hajaeleza kitu, nikiingia naona skrini nyeusi tu. Huko mtu mmoja ataisha kwa dakika ngapi?
Mwenye bongo 80, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Hilo la dakika lisahau kabisa, mtu mmoja kwenye klasta atachukua muda uleule au hata zaidi kidogo, maana recon-all, ile amri ya FreeSurfer inayochakata skani, inaenda hatua kwa hatua, ya pili inasubiri ya kwanza iishe, uipe prosesa 40 nyingi zitakaa zinapiga soga. Ni kama pilau la harusi, sufuria moja haiivi haraka eti kwa sababu uani kuna mafiga 20, ila ukiwa na sufuria 20 zote zinapanda kwa pamoja hapo ndo unaona faida. Piga hesabu: bongo 80 (za kichwani, siyo Bongo yetu hii) kila mmoja masaa 8 ni masaa 640, karibu siku 27 laptopu isizimwe, wakati 20 kwa mkupuo ni mikupuo minne, masaa 32 umemaliza.

Sasa hiyo skrini nyeusi. Hapo ulipo ni nodi ya kuingilia (nodi ni kompyuta moja ya klasta), ichukulie kama kibaraza, kila mtu anapita hapo, sasa usije ukapikia kibarazani. Mimi nilipikia. Nilirusha recon-all sita pale pale, wenzangu wakawa wanaandika ls, amri ya kuona mafaili tu, wanasubiri kama wapo benki, admini akaziua zote akanitumia emaili ya mstari mmoja ambayo mpaka leo sipendi kuikumbuka.

Unachotakiwa ni kuandika skripti ndogo, yaani faili la amri, kisha unaituma kwa amri ya sbatch, na Slurm, programu inayopanga foleni ya klasta, yenyewe itakutafutia nodi iliyo wazi. Majina ya watu wako yaweke kwenye faili, mstari mmoja mtu mmoja, halafu kwenye skripti weka #SBATCH --array=1-80%20, hiyo 1-80 ni namba za mistari ya watu wako, na %20 inamaanisha zisikimbie zaidi ya 20 kwa wakati mmoja. Memori omba --mem=8G na muda --time=24:00:00. Usiombe 64G kwa woga, utakaa foleni huku unawaona wengine wanapita. Na usirushe 80 siku ya kwanza jamani, rusha wawili, wakiisha angalia kwa amri ya sacct walikula memori kiasi gani ndo urushe waliobaki. Ila kama akaunti yenyewe ni ya Lengau, ile klasta ya CHPC, kituo cha kompyuta kubwa kule Cape Town, huko foleni inapangwa na PBS badala ya Slurm, unatuma kwa qsub na mistari ya skripti inabadilika.

Wapo watakaofia njiani. Ukimrudisha mtu akakugomea, chungulia foda yake ya scripts, utakuta kifaili kinaitwa IsRunning.lh+rh, kimebaki baada ya jobu kuuawa na programu inadhani bado kazi inaendelea. Hakikisha kwa squeue, amri inayoonyesha foleni, kwamba kweli hakuna kinachokimbia, kifute, anzisha tena. Aliyemaliza salama recon-all.log yake inaishia na "finished without error", lakini hiyo siyo kwamba majibu yako sawa! Mfungue kwenye freeview, kitazamio cha picha cha FreeSurfer, uone kama mstari wa nje wa gamba haujapanda mpaka kwenye utando unaofunika ubongo, hapo unene utaongopa na log itakuambia safi kabisa.

SWALI: Mwalimu, watu 3 niliwafanya kwenye laptopu, 57 kwenye klasta. Naweza kuwachanganya?
Msomaji, Nairobi

JIBU: Hapana ndugu yangu. Mwaka 2012 Gronenschild na wenzake walichapisha kwenye PLoS ONE kwamba skani zilezile zikipitishwa kwenye matoleo tofauti ya FreeSurfer (4.3.1, 4.5.0 na 5.0.0) ujazo wa sehemu za ubongo unatofautiana kwa wastani wa asilimia 8.8 na unene asilimia 2.8, na hata kubadilisha tu mfumo wa kompyuta ya Mac, OSX 10.5 kwenda 10.6, namba zilisogea. Mtu yuleyule, picha ileile! Ndo maana watu wanafungia programu ndani ya kontena, kifurushi kinachobeba programu na vyote inavyohitaji, na kwenye klasta nyingi Docker, programu maarufu ya kontena, hawakuruhusu kwa sababu inataka nguvu za admini, utatumia Apptainer, ile iliyokuwa inaitwa Singularity. Toleo liwe moja mwanzo mpaka mwisho. Hao 3 wa laptopu warudie kwenye klasta, rusha jioni hii, asubuhi wapo tayari.