Kabla ya dawa, chungulia kinyesi: majibu kwa wafugaji wa kuku Tabora

Maswali ya safari hii karibu yote yanaanza na "nimewapa dawa". Ukiuliza dawa gani, ya ugonjwa gani, unajibiwa rangi ya pakiti. Basi tuanzie hapo.

Nina kuku 12 wa kienyeji. Kila mwezi nawapa dawa ya minyoo ya unga, lakini bado naona vipande vyeupe kama punje za wali kwenye kinyesi. Nimeuziwa dawa feki? (Mama wa watatu, Uyui)

Huenda dawa ni nzima, mama, ila umelenga mdudu mwingine. Punje hizo ni vipande vya tegu. Kama unga wako ni piperazini, na mara nyingi ndiyo hiyo, kazi yake ni minyoo mirefu ya mviringo, ile inayofanana na tambi. Tegu haimwezi. Nenda dukani uombe dawa yenye prazikwanteli, na ueleze ulichokiona.

Tegu pia ana mlango wake. Kuku humpata kwa kudonoa sisimizi, mbawakawa na nzi waliokula mayai yake, kwa hiyo samadi iliyorundikwa nyuma ya banda inakurudishia ugonjwa uleule. Ihamishie shambani. Ile minyoo ya tambi haihitaji msafirishaji: yai lake likidondoka na kinyesi hukaa kama wiki 2 penye joto na unyevu ndipo liweze kuambukiza. Ukifagia na kubadilisha maranda au pumba mapema, umelikata njiani bila kununua kitu. Kila mwezi ni mara nyingi mno. Kwa kuku wanaojitafutia, kila miezi 3 inatosha.

Lililobaki ni maji. Mimi mwenyewe niliwahi kukoroga pakiti nzima kwenye ndoo ya lita 20 kwa kuku 6, wakanywa kidogo, dawa nyingine nikamwaga. Kuku 10 wakubwa hunywa karibu lita 2 kwa siku, na joto la Oktoba likipamba wanazidi hapo. Soma kipimo kwenye pakiti, kisha koroga maji watakayomaliza asubuhi tu. Usiku kuku hanywi, hivyo wape dawa iwe maji yao ya kwanza wakiwa bado bandani. Ukiwafungulia mapema watakimbilia dimbwi la jirani.

Kuku wangu wamepinda shingo, wanaharisha kijani, wanakufa watatu wanne kwa siku. Nimewapa OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini), nikaongeza dawa ya minyoo. Niongeze dozi? (Urambo)

Usiongeze, kaka. Dalili hizo ni za mdondo, wengine huuita kideri, nao unaletwa na kirusi. OTC inazuia bakteria, kirusi hakiisikii. Tenga wazima, choma au fukia kwa kina waliokufa, na tafadhali usiwakimbize wagonjwa mnadani, maana ndivyo ugonjwa unavyofika kijiji cha pili. Mwite afisa mifugo wa kata athibitishe.

Kinga ndiyo njia. Chanjo ya I-2 ni tone 1 kwenye jicho 1, kila miezi 3, wakubwa kwa vifaranga, na wanaopewa wawe wazima. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, ila usiifunge kwenye kapu la baiskeli juani. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, kwa hiyo changeni majirani mchanje siku moja. Dawa ya minyoo itangulie wiki moja hivi. Na kama chanjo yako ni ya kunywesha, maji ya bomba yana klorini inayoiua. Tumia ya kisima safi.

Vifaranga wa wiki 4 wanajikunyata na kinyesi kina damu. Ni minyoo? (Ng'ambo, Tabora mjini)

Hapana, hiyo ni koksidia, kijidudu kidogo sana kinachopenda sakafu mbichi. Wape amproliamu leo hii, kausha banda, inua vyombo vya maji. Na ule unga wa vitamini uweke pembeni kwanza: amproliamu inafanya kazi kwa kumnyima kijidudu vitamini B1, nawe ukiongeza vitamini hiyo unamlisha.

Babu anasema maji ya tumbaku yanatoa minyoo kuliko dawa za dukani. Kweli? (Sikonge)

Babu hajabuni. Nikotini ilitumika zamani kwa minyoo na chawa wa kuku. Shida ni kwamba kiasi kinachotoa minyoo na kinachoua kuku vimekaribiana mno, na jani moja halilingani na lingine kwa ukali. Mpe babu shikamoo, na tumbaku ipelekwe sokoni.

Mayai ya kuku aliyepewa dawa yanaliwa? (Nzega)

Inategemea dawa. Zipo ambazo mayai yanaliwa siku ileile, zipo za kusubiri wiki na zaidi. Pakiti inaandika siku. Pakiti isiyoandika, mrudishie muuzaji.