Mkuu, funga hicho kitabu! Cadfael hasomwi kuanzia mwisho

Mleta uzi, umeandika kwamba umepata Brother Cadfael's Penance, riwaya ya Cadfael, yule mtawa mpelelezi, kwenye vitabu vya mtumba, umesikia ndicho kizuri kuliko vyote, na unataka kukianza wikiendi hii. Ukauliza pia kama Kiingereza chake kinasomeka, kama tamthilia inatosha badala ya vitabu, kama ni lazima ujue mambo ya kanisa, na ni nani wengine wanaoandika hadithi za mapadri wapelelezi. Kwanza kifunge. Kama umeshasoma ukurasa wa kwanza, ishia hapo hapo, usiguse wa pili.

Hicho ni kitabu cha 20, cha mwisho kabisa. Ellis Peters, jina lake halisi Edith Pargeter, alianza mfululizo huo mwaka 1977, akatoa hicho ulichoshika mwaka 1994, na mwaka uliofuata akafariki. Mimi nilianza na hicho hicho. Nilipoona picha ya jalada uliyoweka, roho ilinishtuka.

Aliyenipotosha ni jamaa mmoja wa kundi letu la wasomaji. Nilimuuliza swali kama lako, akanijibu kwa kujiamini: "Hivi vitabu kila kimoja kinajitegemea, kila kimoja kina maiti yake na muuaji wake, anza popote. Na ukiona wameanza kusali, ruka, hayo ni mapambo." Ni kweli kila kitabu kina maiti yake na muuaji wake. Lakini nani anamsoma Cadfael kwa ajili ya maiti? Jamaa ni rafiki yangu hadi leo, kwenye kamati ya harusi yake nilikuwamo na mchango nilitoa, ila hili nitamkumbusha mpaka wajukuu zake walisikie.

Sasa sikiliza nilichopoteza.

Cadfael ni mtu wa Wales. Ujanani alikwenda kwenye Vita vya Msalaba vya Kwanza, akapigana, akawa baharia, akapenda wanawake, na alipokuwa mtu mzima aliyeiona dunia vya kutosha akaingia abasia, yaani nyumba ya watawa, ya Wabenedikto ya Shrewsbury huko Uingereza, karibu na mpaka wa kwao. Huko anatunza bustani ya mitishamba na kutengeneza dawa. (Pargeter mwenyewe aliwahi kufanya kazi kwenye duka la dawa, na unaihisi kazi hiyo kila Cadfael anaposhika chupa.) Bruda wa Kibenedikto anaweka nadhiri ya kubaki kwenye nyumba yake ya kitawa mpaka kufa. Walioishi jirani na abasia za Peramiho au Ndanda wanajua ninachosema: kengele, sala, kazi, kengele tena. Kwa vitabu 19 unamtazama mtu huyu aliyefika Antiokia na Yerusalemu akiwa ameridhika na ukuta mmoja na bustani moja. Anatoka kwa ruhusa, anarudi. Unamzoea. Unafika mahali unaamini hakuna kitu chini ya jua kitakachomng'oa pale.

Ndipo kinakuja hicho cha 20. Ni Novemba 1145, nchi imechoshwa na vita kati ya Mfalme Stephen na binamu yake Maud. Kuna mkutano wa kutafuta amani huko Coventry, na kuna mtu ametekwa. Abate, mkuu wa abasia, anampa Cadfael ruhusa ya kwenda kwenye mkutano huo, na si zaidi ya hapo. Mkutano unakwisha, mtu hajapatikana. Sasa arudi nyumbani kama alivyoapa, au aendelee na safari, avunje nadhiri, na asijue kama lango litafunguliwa tena siku akirudi?

Mimi hapo nilipiga miayo. Niliona mzee mmoja ametoka getini bila ruhusa, basi. Nilijiuliza watu wanasifia nini. Sikuwa na vile vitabu 19 moyoni, kwa hiyo uamuzi mzito kuliko yote katika maisha ya mtu yule ulinipita. Na yule aliyetekwa ni nani kwake? Hilo Cadfael mwenyewe analigundua katika kitabu cha 6, The Virgin in the Ice. Sitasema ni nini, na yeyote atakayelisema kwenye uzi huu nitaomba moderata amfungie. Ni ukurasa ambao mwandishi amekuandalia kwa vitabu vitano, na mimi nililikuta jambo lenyewe limetajwa kwenye kitabu cha 20 kama habari ambayo kila mtu anaijua zamani.

Nikakigawa. Nikawa ninawaambia watu kwamba Cadfael amepewa sifa asizostahili. Kwa hiyo nami nimepotosha wengine, na ndiyo maana nimekaa usiku huu kukuandikia wewe.

Maumivu zaidi yalikuja niliporudi nyuma. Kitabu cha 2, One Corpse Too Many, ni cha mwaka 1979. Kisa chake ni cha kiangazi cha 1138: Mfalme Stephen ameiteka ngome ya Shrewsbury na kuwanyonga walinzi wake 94. Cadfael anakwenda kuwaandaa kwa mazishi ya heshima. Anahesabu, anakuta 95. Kuna mtu amemuua mwenzake na kumficha katikati ya walionyongwa. Nani angejali? Wameshakufa 94, mmoja zaidi anabadilisha nini? Cadfael anajali. Anamwambia mfalme usoni kwamba wale 94 ni wake, lakini huyu mmoja si wake, na lazima ajulikane nani alimuua. Hapo ndipo utaona kwa nini hadithi hizi zinamhitaji mtu wa kanisa. Askari anahesabu kesi, huyu anahesabu watu.

Sasa ndani ya kitabu hicho hicho kuna kijana mmoja anaingia, mwerevu, mwenye tabasamu, na huelewi hata kidogo kama ni adui au vipi. Yeye na Cadfael wanachezeana akili kurasa kwa kurasa, kila mmoja anajua mwenzake anajua. Pargeter amejenga kitabu kizima juu ya shaka hiyo. Mimi shaka sikuwa nayo, kwa sababu kijana huyo nilishamkuta kwenye kitabu cha 20 na msimamo wake nilishaujua. Nilisoma nikiwa najua, na ukishajua huwezi kutojua tena.

Nilichokosa nilikiona baadaye kwa mdogo wangu wa kike. Yeye nilimwanzishia cha 1. Alipofika cha 2 alikuwa anasoma jikoni jioni, maharage yakiwa jikoni, na kila akimaliza sura ananiita: "Kaka, huyu kijana simwamini, ndiye tu." Kesho yake: "Hapana, kaka, huyu ana utu." Keshokutwa shaka imerudi, amekasirika, anataka nimwambie. Nilikaa kimya. Furaha yake yote niliiona kwa macho yangu, na kitabu ni kile kile nilichokisoma mimi kwa dakika za kusubiri daladala. Alipofika cha 20 hakuniita. Alikimaliza usiku, na asubuhi macho yake yalionyesha.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja, na siipunguzi kwa mtu: mfululizo wa padre mpelelezi unaanza na kitabu cha 1 na kwenda kwa mpangilio. Anayekwambia "anza popote" amehesabu wauaji, hakuhesabu maisha. Muuaji anakamatwa na kitabu kinafungwa. Padre anabaki parokiani na yaliyotokea, anawazika waliokufa, anakaa na mama wa muuaji wakati polisi wameshaondoka, na Jumapili anapanda madhabahuni mbele ya watu wale wale. Hilo ndilo linaloendelea kitabu hadi kitabu.

Mtazame Sidney Chambers wa James Runcie. Mwandishi ni mtoto wa Robert Runcie, aliyekuwa Askofu Mkuu wa Canterbury kuanzia 1980 hadi 1991 na aliyepigana Vita vya Pili vya Dunia; Sidney naye ni kasisi Mwanglikana aliyetoka vitani, yuko kijiji cha Grantchester karibu na Cambridge, na hadithi zinaanzia 1953. Wakati huo Uingereza bado wananyonga. Adhabu hiyo kwa wauaji ilisimamishwa 1965. Maana yake Sidney akigundua ukweli, anaweza kuwa anampeleka mtu kitanzini, na yeye ndiye anayehubiri msamaha. Na kuna wanawake wawili moyoni mwake. Ukichukua kitabu cha katikati utakuta ameshaoa, na jina la mke utaliona kwenye ukurasa wa mwanzo kabla hujapata nafasi ya kumwombea. Anza na cha mwaka 2012, Sidney Chambers and the Shadow of Death.

Merrily Watkins wa Phil Rickman ndiye anayenisikitisha zaidi, kwa sababu watu wengi humwanzia kitabu cha 2, ati cha 1 kinachelewa. Kanisa la Uingereza liliwapa wanawake upadre kwa mara ya kwanza mwaka 1994. The Wine of Angels ni cha 1998. Merrily ni mjane mwenye binti wa shule, amehamia kijijini Herefordshire ambako wengine hawajawahi kumwona kasisi mwanamke, na hata yeye mwenyewe hana hakika. Baadaye anapewa kazi ya kushughulikia mapepo na nyumba zenye mambo. Sasa kama hujamwona akitetemeka kwenye kitabu cha 1, utajuaje kwamba amekuwa jasiri? Na binti yake Jane anakua mbele yako, anabishana na mama yake kuhusu Mungu mwaka hadi mwaka. Hadithi ya mama na mtoto huianzi katikati.

Kuna Daniel Clement pia, wa Richard Coles, ambaye mwenyewe alikuwa kasisi wa parokia. Murder Before Evensong, 2022, kisa kinatokea 1988. Parokia nzima inagombana kwa sababu kasisi anataka kujenga choo ndani ya kanisa na kuondoa mabenchi ya nyuma. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya ujenzi ya kanisa lolote Tanzania hatahitaji kuelezwa kwamba hapo mtu anaweza kufa. Nacho ni cha 1 katika mfululizo wake.

Ule ushauri wa pili wa jamaa, wa kuruka sala, nao ni hatari. Chukua Father Brown wa Chesterton. Hadithi ya kwanza, The Blue Cross, ilitoka 1910, na pale moja ya vitu vinavyomfichua mwizi mbele ya padre ni maneno aliyoyasema kuhusu dini. Ukiruka mazungumzo yao umeruka ushahidi wenyewe. Chesterton alimpata padre huyo kwa rafiki yake, Padre John O'Connor wa Yorkshire. Siku moja walizungumza juu ya uovu, Chesterton akashangaa jinsi mtu mpole vile anavyoyajua mabaya ya dunia kuliko yeye. Anayapata kitubioni, watu wanampelekea. Father Brown ni hadithi fupi, na utaambiwa hapo mpangilio hauna maana. Una maana. Yule mwizi Flambeau anarudi katika hadithi nyingine, na kinachomtokea ndicho kitu kizuri kuliko mafumbo yote ya Chesterton, lakini ukikutana naye mwishoni utamwona ni rafiki wa padre tu.

Tamthilia ya Cadfael iliyoigizwa na Derek Jacobi, 1994 hadi 1998, ni nzuri na yeye ni mwigizaji mkubwa, lakini ilianza na kisa cha kitabu cha 2, na cha 1 wakakileta baadaye. Iache kwanza.

Hicho ulichonacho kiweke juu ya kabati, mgongo ukutani usije ukakijaribu. Tafuta A Morbid Taste for Bones, cha 1: Cadfael anakwenda Wales na wakubwa wa abasia kuchukua mifupa ya Mtakatifu Winifred kutoka kwa wanakijiji wasiotaka kuitoa. Kisha cha 2. Kisha cha 3, Monk's-Hood, ambapo mtu anauawa kwa sumu iliyotoka kwenye dawa ya kuchua aliyotengeneza Cadfael kwa mikono yake mwenyewe, na mjane wa marehemu ni msichana aliyekuwa mchumba wake kabla hajaenda vitani. Soma na sala zake, soma na kengele zake.

Ukifika katikati ya cha 2 rudi hapa utuandikie unamshuku nani. Na ninyi mliokwisha kukisoma, nawaomba sana, msimjibu.