Barua kwa mwanangu: Hilux ya 3L au ya 2KD?

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Ujumbe wako nimeusoma: dalali amekuonyesha pikapu mbili za Toyota Hilux hapo Kibaigwa, moja ya 1999 yenye injini ya dizeli ya 3L (ni jina la injini, si lita tatu) na nyingine ya 2007 yenye injini ya dizeli ya 2KD, na unauliza ipi itahimili kubeba mahindi na alizeti kutoka vijiji vya Kongwa na Mpwapwa.

Kwa kazi hiyo chukua 3L, isipokuwa kama chasisi imeoza. Haina turbo wala kompyuta, na fundi wa kijijini anaijua pampu yake. Mlimani ni mvivu kweli, zoea kupitwa. 2KD ina nguvu na hainywi sana, lakini injekta zake, yaani vinyunyizio vya dizeli, zinataka dizeli safi, na dizeli ya madumu inayouzwa kando ya barabara mara nyingi ina maji na mchanga.

Namba ya gari isikudanganye. Herufi za kwenye namba zinaonyesha wakati gari liliposajiliwa Tanzania, si mwaka lilipotengenezwa. Mwaka wa kutengenezwa uangalie kwenye kadi. Kilometa za dashibodi hurudishwa nyuma, kwa hiyo tazama mpira wa pedali ya klachi na usukani. Gari lenye kilometa 90,000 haliwi na pedali iliyolika hadi chuma.

Nenda alfajiri, na mwambie dalali mapema kwamba injini isiwashwe kabla hujafika. Gusa injini na rejeta. Ukikuta zina joto, ameshakuwahi, rudi siku nyingine. Baridi ya Juni na Julai inakusaidia hapa, maana injini iliyochoka, au ambayo hita plagi zake (za kupasha joto kabla ya kuwasha) zimekufa, haiwaki kirahisi asubuhi hiyo.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu yanakuambia mwenyewe amekuwa akijazia maji ya kisima badala ya kulanti, maji maalumu ya rejeta. Visima vingi vya Dodoma vina chumvi, nayo huganda ndani ya vijibomba vya rejeta kama ukoko wa sufuria ya chai. Rejeta ikiziba injini inachemka, silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, inapinda au kupasuka. Ukiona mafuta yanaelea juu ya maji, au mapovu yanaendelea kutoka wakati injini inaunguruma, gasketi ya silinda hedi imeshaachia.

Sasa vumbi, ambalo watu wengi hawaliangalii kabisa. Legeza klipu ya mpira unaotoka kwenye filta ya hewa kuelekea injini, ingiza kidole, zungusha. Ukungu mweusi wa mafuta si tatizo. Kidole kikitoka na vumbi jekundu, achana na gari hilo hata likiwa limepakwa rangi jana. Filta haikukaa vizuri, au imegongwa kwenye tairi kuisafisha mpaka karatasi ikachanika. Vumbi likichanganyika na oili linakuwa msasa, linakula ringi za pistoni na kuta za silinda.

Kuthibitisha, acha injini ipate moto, kisha fungua kifuniko cha oili ukigeuze juu chini palepale juu ya tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikiruka, ringi zimekwisha. Moshi wa bluu nao ni oili inayoungua. Mweusi kidogo unapokanyaga ghafla ni kawaida kwa 3L, lakini mweupe usiokoma baada ya injini kupata moto unaashiria maji au dizeli isiyoungua.

Ukiing'ang'ania 2KD, chungulia chini ya kifuniko hichohicho. Gamba jeusi gumu kama lami maana yake washa za shaba (pete za kuzibia) chini ya injekta zinavuja. Masizi yanaingia kwenye oili, yanaziba chujio lililo ndani ya sampu, beseni la oili chini ya injini, injini inakosa oili, na taa ya oili ikiwaka mara nyingi umeshachelewa. Mtafute fundi mwenye mashine ya kupima, asome marekebisho ya kila injekta injini ikiunguruma bila kukanyagwa mafuta. Namba ikivuka 3 juu au chini ya sifuri, hesabu gharama ya injekta kabla ya kutaja bei.

Halafu ingia uvunguni. Pikapu hii imeundwa kwa takriban tani moja, yaani magunia kumi ya kilo mia, na wewe unajua wanapakia mangapi. Angalia nafasi kati ya kebini na bodi: ikiwa pana juu na nyembamba chini, au kinyume chake, chasisi imepinda. Tafuta nyufa na weldingi mpya pale springi za nyuma zinaposhikia.

Klachi ipime ukiwa umesimama: vuta hendibreki, weka gia ya tatu, achia taratibu. Injini lazima izime. Foo wili ijaribu kwenye mchanga, si kwenye lami.

Mkanda wa taimingi wa 3L hubadilishwa kila kilometa 100,000. Mwenye gari asipokuwa na ushahidi kwamba ulibadilishwa, ubadilishe pamoja na beringi yake kabla ya safari ya kwanza, maana ukikatika valvu zinagonga pistoni. Gharama hiyo iondoe kwenye bei yake. Oili na filta weka mpya siku hiyohiyo, kisha kila kilometa 5,000.

Namba ya chasisi imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia karibu na tairi la mbele. Isugue kwa kitambaa uilinganishe na kadi, na ya injini pia. Angalia kama gari lina faini za barabarani, muulize mwenye gari kama kadi iko benki kwa mkopo, na mkataba muandikishiane kwa wakili. Kadi nitumie picha yake pande zote mbili kabla hujatoa hata shilingi ya kishika uchumba. Mama yako anasema uje na gunia la mahindi.