Kengele Ikilia, Droni Uipeleke Wapi?

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba kikosi chake kimefukia kando ya njia vihisi 12 vya mtetemo, yaani vifaa vinavyopiga kengele ardhi ikitikiswa na hatua, na kina droni yenye kamera ya joto, lakini kila kengele ikilia, droni hufika na kukuta njia nyeupe. Anauliza anunue droni gani kubwa zaidi. Ndugu yangu, usinunue chochote. Shika kalamu kwanza.

Mtu anayetembea kilomita 5 kwa saa hukata mita 83 kila dakika. Droni iliyo umbali wa kilomita 6, ikiruka mita 15 kwa sekunde, hufika baada ya karibu dakika 7. Ongeza 3 za kufunga betri na kuirusha: dakika 10. Mtu wako keshapita mita 800, na kama hujui kaelekea wapi, unamtafuta ndani ya duara la kilomita za mraba 2. Sasa tazama betri. Ile inayosifiwa kukaa hewani dakika 30, theluthi yake ni akiba ya upepo wa kurudi, usiiguse. Zinabaki 20, kwenda na kurudi ni 14. Una dakika 6 tu za kutafuta. Kamera ya pikseli 640 kwa 512, pikseli za mikroni 12 na lenzi ya milimita 19, ikitazama chini kutoka mita 120, huona ukanda wa mita 48 hivi. Kwa mita 10 kwa sekunde utafagia kilomita za mraba 0.17, haifiki hata sehemu moja ya kumi ya duara lile.

Kinachokuokoa hapo ni kihisi cha pili. Fukia vihisi kwa jozi, mita 100 kati yake, kwenye njia ileile. Cha kwanza kikilia, na cha pili kikafuata baada ya sekunde 72, umeshajua wanaelekea wapi na kwamba wanakwenda kilomita 5 kwa saa. Basi droni uipeleke mita 830 mbele ya kihisi cha pili, pale watakapokuwa baada ya zile dakika 10. Usiipeleke kwenye kihisi! Hapo pamebaki nyayo. Saa za vihisi vyote zioanishwe na saa ya GPS, kwa sababu zikipishana sekunde 30, zile 72 husomeka 42, na mtu anayetembea anaonekana anakimbia.

Kihisi kinajua kitu kimetikisa ardhi. Hakijui ni nani. Marekani ilidondosha vihisi vya namna hii kutoka angani kando ya njia ya Ho Chi Minh, ambako Vietnam ya Kaskazini ilipitisha askari na silaha wakati wa vita vya Vietnam, antena zake zikiwa na sura ya mimea, na ishara zikapokelewa kwenye kituo cha Nakhon Phanom, Thailand. Tangu wakati huo swali ni lilelile: nani atakwenda kuthibitisha, na atafika kwa muda gani?

Kuhusu kengele za uongo, inaniuma sana askari wanapolaumiwa kwa kuzima mitambo usiku, wakati kosa ni la aliyefukia. Chimba sentimita 20 hadi 30. Mwiba wa kihisi, ile ncha ya chuma iliyo chini yake, uchome wima kwenye udongo mgumu wa chini, kisha rudisha udongo kidogo kidogo ukiushindilia kwa ngumi. Kikicheza shimoni, hakishiki mtetemo wa ardhi. Kaa mbali na miti: upepo hutikisa shina, shina hutikisa mizizi, na mizizi hukigonga kihisi usiku kucha. Tena kisipige kengele kwa mshindo mmoja. Hatua za mtu huja kama mbili kwa sekunde, kwa mpigo. Anza na kiwango cha mishindo 6 ndani ya sekunde 10, halafu rekebisha.

Mchana wa jua kali mawe hupata joto la ngozi ya mtu, kamera ya joto ikachanganyikiwa. Tumia ya kawaida.

Kabla ya kukabidhi lindo, mtume mtu mmoja apite mbele ya kila kihisi kwa mita 10, 20, 30, kisha 40, na uandike zilipopotea hatua zake. Huo ndio ukingo wako, mwisho wa umbali ambao kihisi husikia, hata kama karatasi ya mtengenezaji inasema vingine. Rudia baada ya mvua, maana mchanga mkavu humeza hatua na udongo mnyevu ulioshikana huzipeleka mbali, kwa hiyo ukingo husogea.