Jibu: Meza ya sayansi kwenye tamasha Arusha, bajeti ndogo

Mkuu umeuliza uweke nini mezani kwa madogo wa miaka 10 hadi 15 na hela yenyewe kiduchu. Mi ningeachana kabisa na zile roketi za chupa, ni kelele tu na foleni, dogo anaangalia hagusi kitu. Weka malimao, madogo wawashie taa ndogo.

Pita Kilombero sokoni uchukue malimao, misumari ya bati maana ile imepakwa zinki, na waya wa shaba umechunwa plastiki. Limao liviringishe kwanza mezani mpaka lilegee, chomeka msumari huku na shaba kule visigusane, unapata karibu volti 0.9. Taa ya LED nyekundu inataka kama 2, kwahiyo unaunga malimao manne, shaba ya hili kwenye msumari wa lile, halafu mguu mrefu wa taa ndo unaenda kwenye shaba inayobaki mwisho. Nyeupe itakusumbua, inataka volti nyingi zaidi. Na waambie umeme unatokana na zinki inavyoliwa na asidi, wengi hudhani limao ndo betri lenyewe.

Mwanga ni hafifu sana, jua la saa sita hamtauona, tafuta boksi wachungulie ndani. Ikigoma usikimbilie kuwasaidia, wape multimita, kile kipimo cha umeme, wasake wenyewe waya uliolegea, hapo ndo utamu ulipo.

Wasaidizi ulizia Chuo cha Ufundi Arusha, umeme wanausoma pale. Ila malimao yakishatumika tupa, madogo watataka kukamulia juisi na zinki imeshaingia mle.