Kabla surua haijaingia kijijini, angalia mstari wa miezi 18

Surua ikizuka kijijini, lawama ya kwanza huwaangukia akina mama: wazembe, wanakataa chanjo. Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku pwani ya Pangani, Tanzania, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba, na nasema bila kusita kwamba mama anayeikataa chanjo ya surua kwetu ni nadra kumkuta. Ninaowakuta kila siku ni watoto walioanza chanjo wakaishia njiani.

Nikikaribishwa huomba kadi ya kliniki. Wiki ya 6, ya 10, ya 14, tarehe zote zimeandikwa. Miezi 9, dozi ya kwanza ya surua, tarehe ipo. Miezi 18, dozi ya pili, patupu. "Mbona alishamaliza?" mama huniuliza, na hadanganyi, ndivyo anavyojua. Baada ya miezi 9 mtoto ameshaanza kusimama, mama amerudi shambani au ufukweni kuchemsha dagaa, pengine ana mimba nyingine. Miezi 9 mingine ya kusubiri ni mirefu, na hakuna anayemkumbusha. Dozi hii ya pili iliingizwa kwenye ratiba ya nchi mwaka 2014, pamoja na kuunganishwa kwa chanjo ya surua na ya rubela, ugonjwa mwingine wa upele, kwa hiyo hata bibi anayemlea mjukuu hakuikuta enzi zake.

Mstari huo mtupu una uzito kuliko unavyoonekana. Katika kila watoto 100 wanaochomwa dozi ya kwanza wakiwa na miezi 9, kama 15 hivi hubaki bila kinga, kwa sababu kinga waliyopewa na mama tumboni haijawatoka sawasawa na mwili wao bado mchanga. Dozi ya pili ndiyo inayowafikia hao. Tusipoichoma, mwaka huu wanabaki 15, mwakani 15 wengine, na ukiongeza wale ambao hawakuchomwa kabisa, baada ya miaka michache kijiji kina watoto wengi walio wazi, wanacheza pamoja na kukaa jamvi moja kwenye chuo cha Kurani. Ndiyo maana surua hutulia miaka kadhaa, watu wakaisahau, kisha ikaibuka kwa kishindo. Kuizuia kunataka watoto 95 katika kila 100 wawe wamepata dozi zote mbili.

Sababu nyingine ya watoto kuishia njiani inaniuma zaidi, maana hapo mama ametimiza wajibu wake. Chanjo ya surua huja ikiwa unga, kichupa kimoja cha watoto 10, na ikishachanganywa na maji yake, baada ya saa 6 kinachobaki hutupwa. Basi kwenye zahanati ndogo mhudumu huogopa kupoteza chanjo, akawaambia waliokuja warudi siku watoto watakapokuwa wengi wa kutosha kichupa. Nimewahi kukutana na mama mmoja mchana wa jua kali, mtoto mgongoni amelala, kanga imelowa jasho, anarejea kitongojini kwao na kadi mkononi vilevile alivyokwenda nayo. Alikuwa amerudishwa kwa mara ya pili. Nilimwomba ajaribu tena, akanitazama tu. Wenzangu wa zahanati, nawasihi: fungueni kichupa. Shirika la Afya Duniani lenyewe linashauri kifunguliwe hata kwa mtoto mmoja, kwa sababu dozi iliyomwagwa ni hasara ndogo kuliko mtoto asiyerudi. Nawe mama, uliza mapema siku ya chanjo ya surua ni ipi, na mkiwa wawili watatu jirani wenye watoto wa umri huo, nendeni pamoja.

Kisha kuna kuhamahama. Wavuvi huenda dago, yaani kambi za muda za uvuvi, wengine na familia zao. Vibarua wa mkonge hufuata kazi shamba hadi shamba. Wafugaji hufuata malisho. Huduma ya mkoba, yaani wahudumu wanaobeba chanjo kuwafuata watu, inapofika kitongojini, wao wameshahama, na mvua ikikata barabara, hata mkoba wenyewe haufiki. Kambini watu hulala wengi kwenye kibanda kimoja, na virusi vya surua hubaki hewani hadi saa 2 baada ya mgonjwa kutoka. Isitoshe, mtoto huanza kuambukiza siku 4 kabla ya upele, wakati mama anaona mafua, kikohozi na macho mekundu tu. Kabla ya kuhama, pitia zahanati na kadi, na uifunge kwenye mzigo wako wa kwanza.

Ukiona homa na upele ulioanzia usoni au nyuma ya masikio, usimfungie mtoto ndani. Wazee wetu walizoea kusema mwenye surua asipewe sindano, upele utarudi ndani. Si kweli, na kusubiri huko ndiko kunakoleta nimonia, kuharisha, hata upofu. Mpeleke, na umjulishe mhudumu mkifika ili mtoto asikae benchi moja na wenzake. Atapewa vitamini A siku mbili mfululizo, ambayo hulinda macho na uhai wake. Endelea kumnyonyesha na kumpa vya majimaji. Watoto wengine wa nyumba hiyo kadi zao zikaguliwe siku hiyohiyo.

Na kama kadi imepotea, au umri wa miezi 18 umeshapita, usibaki nyumbani kwa kuogopa kufokewa. Mpeleke hivyo hivyo, rejesta ya kliniki itatazamwa. Akichomwa dozi ambayo alikwisha kuipata haitamdhuru. Vilevile, ile ya kampeni ni ya nyongeza: mtoto aliyechomwa siku ya kampeni bado anatakiwa amalize za kwenye kadi. Chanjo ni bure, na ukidaiwa pesa, mwambie mwenyekiti wa kitongoji.